Maziwa mengi kwa ngombe wachache: tupige hesabu pamoja



Katika somo hili tunajibu ulizo linalorudi kila mara katika mikutano ya kooperative zetu za Kivu: tutapata namna gani maziwa mengi zaidi, wakati malisho hayaongezeki? Watu wanaongezeka, mashamba yanapanda mpaka juu ya kilima, na ngombe anabakia na kipande kidogo cha majani. Akitoka pale kidogo tu, ameingia katika maharagi ya jirani, na kesi inaanza. Wakati huohuo, katika maduka ya Goma na Bukavu, ba mama wananunua maziwa ya unga yaliyotoka mbali, hali ngombe wako hapa kwetu.

Wengi wanafikiri jibu ni kuongeza ngombe. Sisi ma-agronomu tunasema kinyume: tuanze kwa kuongeza litri za ngombe tulio nao. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

1. Dunia inataka maziwa, lakini inauliza yanapatikana namna gani

Mwaka 2022 watu wa dunia walifikia milioni elfu nane. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba mwaka 2050 watakaribia milioni elfu tisa na mia saba. Dunia inatoa sasa zaidi ya tani milioni 900 za maziwa kwa mwaka, na mahitaji yanapanda sana katika Asia na hapa Afrika, fasi ambapo watoto wengi bado hawapati maziwa ya kutosha.

Kwa upande mwingine, ngombe analeta mzigo wake. Tumboni mwake, ndani ya lile tumbo kubwa la kwanza, kuna vijidudu vinavyochachusha majani. Kazi ile inatoa gesi inayoitwa metani, na ngombe anaitoa kinywani anapocheua. Metani haina harufu wala rangi, lakini inapasha hewa joto: kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya metani inapasha joto kama mara 28 kuliko kilo moja ya gesi ya kaboni inayotoka katika moshi wa magari na viwanda.

Mwaka 2019, shirika la FAO lilitoa hesabu ya gesi zote zinazotokana na ngombe wa maziwa duniani. Kwa mwaka 2015, kilo moja ya maziwa ilileta, kwa wastani wa dunia, gesi sawa na kilo 2,5 za kaboni. Katika nchi tajiri ni kilo 1,3 mpaka 1,4. Katika sehemu za dunia kama yetu ni kati ya kilo 4,1 na 6,7.

Tusome namba hizi kwa akili. Hazisemi kwamba mfugaji wa Masisi au wa Walungu njo anaharibu dunia. Ngombe wake mmoja anakula kidogo na kutoa gesi kidogo kuliko ngombe mkubwa wa Ulaya. Zinasema tu kwamba maziwa yake ni machache mno, kwa hiyo gesi yote inaangukia litri chache. Namba ile kubwa ni alama ya hasara, na hasara ile inakupata wewe mfugaji mbele ya kumpata mtu wa Ulaya.

2. Hesabu ya familia mbili

Tuchukue mfano. Familia ya kwanza iko na ngombe wanne wa kienyeji. Kila mmoja anazaa mara moja kwa miaka miwili, na anakamuliwa litri 2 kwa siku kwa muda wa siku 240. Ni litri 480 kwa miaka miwili, ndiyo kusema 240 kwa mwaka. Ngombe wanne: litri 960 kwa mwaka.

Familia ya pili iko na ngombe wawili wa damu mchanganyiko, wanaolishwa vizuri. Kila mmoja anazaa kila miezi 14, na anatoa litri 5 kwa siku kwa siku 270. Ni litri 1.350 kwa miezi 14, karibu 1.157 kwa mwaka. Ngombe wawili: zaidi ya litri 2.300 kwa mwaka.

Sasa tuangalie chakula. Ngombe anakula kwa siku karibu 3% ya uzito wake, ukihesabu chakula kikavu bila maji. Ngombe wa kienyeji wa kilo 300 anakula kilo 9 kavu. Wanne wanakula kilo 36 kwa siku. Ngombe wa kilo 400 anakula kilo 12 kavu. Wawili wanakula kilo 24. Gawanya chakula cha mwaka kwa litri za mwaka: familia ya kwanza inatumia karibu kilo 14 za chakula kikavu kwa kila litri. Familia ya pili, karibu kilo 4.

Metani inafuata wingi wa chakula kinachochachuka tumboni. Kwa hiyo familia ya pili inapata maziwa zaidi ya mara mbili, inahitaji malisho machache, na inatoa gesi chache. Kitu kimoja kinatengeneza yote matatu. Njo maana tunasema kulinda hewa na kujaza bido si kazi mbili. Ni kazi moja.

3. Hasara inajificha wapi? Katika siku za bure

Wafugaji wengi wakisikia hesabu hii wanasema: «Basi nipate ngombe wa kizungu.» Ngoja kwanza. Angalia tena familia ya kwanza. Katika siku 730, ngombe wao anakamuliwa siku 240 tu. Siku 490 anakula bila kutoa maziwa. Hizi njo tunaziita siku za bure, na ukileta ngombe wa kizungu bila majani, atakuwa na siku za bure nyingi zaidi, au kupe watammaliza. Ngombe wetu wa Ankole amezoea kupe na njaa. Yule wa damu safi ya kigeni hajazoea.

Siku chache za mapumziko ni lazima: ngombe mwenye mimba aachwe kukamuliwa siku 60 mbele ya kuzaa, ili mwili wake ujirudishe na ndama akue. Lakini zile nyingine zinatoka katika mambo matatu: njaa ya kiangazi, kiu, na joto lisiloonekana. Tuyachukue moja moja.

4. Majani kwanza

Majani mabichi ya bingobingo ni maji kwa sehemu nne juu ya tano. Kwa hiyo ngombe wa kilo 300 anahitaji kama kilo 45 za majani mabichi kwa siku, na yule wa kilo 400 kama kilo 60. Pima mzigo mmoja wa majani nyumbani kwako kwa mizani ya soko. Wengi watashangaa kuona kwamba ngombe anapewa nusu ya chakula chake.

– Panda bingobingo kwa nafasi ya mita 1 kati ya mistari na nusu mita kati ya miche. Kufuatana na udongo wako, ngombe mmoja anahitaji robo ya hektari mpaka karibu nusu ya hektari iliyotiwa mbolea.

– Ukikosa shamba, tumia mistari ya kuzuia mmomonyoko. Bingobingo, setaria na tripsacum zikipandwa kandokando ya mifereji, kwa kukata kilima na si kwa kushuka nacho, zinashika udongo wakati wa mvua na kulisha ngombe. Mstari uleule unafanya kazi mbili.

– Kata bingobingo inapofika karibu mita 1, kila wiki 6 mpaka 8. Ukingoja ikuwe ndefu kuliko mtu, unapata vijiti: tumbo linajaa, maziwa hayaongezeki. Acha kisiki cha sentimita 10 mpaka 15 ili ichipuke tena. Katakata vipande vifupi. Majani marefu ngombe anachagua na kukanyaga nusu.

– Ongeza majani ya jamii ya kunde: desmodium kati ya mistari ya bingobingo, calliandra kwenye mipaka. Toa sehemu moja ya kunde kwa sehemu tatu za majani ya kawaida. Majaribio ya Embu, nchini Kenya, yalionyesha kwamba kilo 3 za calliandra mbichi zinakamata nafasi ya kilo 1 ya chakula cha kununua. Fasi za juu zenye baridi kali calliandra inakua polepole. Kule tegemea zaidi setaria na majani mengine yanayostahimili baridi.

– Tayarisha kiangazi. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 ngombe wengi wanakonda, na ngombe aliyekonda haoni joto. Mwezi wa 5, wakati majani ni mengi, katakata na uyashindilie katika mfuko mkubwa wa plastiki au katika shimo lililofunikwa, mpaka hewa yote itoke. Funga sana. Baada ya wiki 4 mpaka 6 yanakuwa silaji, chakula chenye harufu ya uchachu mzuri. Sehemu iliyoota ukungu usimpe ngombe. Mabua ya mahindi, majani ya viazi vitamu na vigogo vya ndizi vinasaidia pia, lakini havitoshi peke yake.

Hatukuambii umpe ngombe mahindi na soya kama wanavyofanya Ulaya na Marekani. Wanapata litri nyingi, ni kweli. Lakini hapa kwetu mahindi na soya ni chakula cha watoto. Uzuri wa ngombe ni kwamba anageuza kile mtu hawezi kula kuwa kile mtu anaweza kunywa. Tusiharibu uzuri ule.

5. Maji: chakula kisichonunuliwa

Maziwa ni maji kwa sehemu kubwa sana. Ngombe anayekamuliwa anahitaji kunywa litri 40 mpaka 60 kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Ngombe anayepelekwa mtoni mara moja kwa siku anakunywa mara moja tu, kisha anapandisha kilima na kutumia nguvu ambayo ingekuwa maziwa. Weka beseni au nusu ya pipa zizini, maji yasikosekane usiku na mchana. Mabati ya paa na mfereji vinaweza kukusanya mvua. Ni kazi ndogo ambayo faida yake inaonekana ndani ya siku chache.

6. Joto: saa chache zinazogharimu wiki tatu

Ngombe mwenye afya anarudia joto kila siku 21, na joto linadumu muda mfupi, chini ya siku moja. Ukilikosa, umepoteza wiki tatu. Ukilikosa mara nne, umepoteza karibu miezi mitatu ya maziwa.

Angalia ngombe wako asubuhi mapema na jioni, dakika 20 kila mara. Alama ni hizi: anasimama na kukubali kupandwa na wenzake, analia, hatulii, maziwa yanapunguka siku ile, na ute mweupe kama wa yai unatoka nyuma. Ukiona joto asubuhi, mpeleke kwa dume jioni ileile. Ukiona jioni, mpeleke asubuhi inayofuata.

Mimba inachukua karibu siku 283. Ili ngombe azae kila miezi 13 au 14, lazima ashike mimba ndani ya miezi 3 au 4 baada ya kuzaa. Kama mwezi wa 4 umepita bila joto, usingoje. Angalia kwanza chakula, kisha mwite veterineri. Ngombe anayetupa mimba anaweza kuwa na ugonjwa unaoambukiza watu pia. Usimguse bila kufunika mikono, wala usinywe maziwa yake bila kuyachemsha.

Na dume? Dume moja asibakie katika kundi mpaka kupanda mabinti wake. Kooperative mbili jirani zinaweza kubadilishana madume kila miaka 2 au 3, baada ya veterineri kuwapima.

7. Mavi ya ngombe ni mali

Ngombe anayekaa zizini anatoa zaidi ya kilo 10 za mavi kwa siku. Yakiachwa wazi, mvua inasukuma nguvu yake mpaka mtoni, na jua linamaliza iliyobaki. Chimba shimo karibu na zizi, changanya mavi na mabaki ya majani, funika kwa majani ya ndizi au kijumba kidogo, na pindua kila wiki chache. Mkojo nao upitishwe kwa mfereji mpaka shimoni, juu ya nguvu kubwa ya mbolea iko ndani yake. Mbolea ile irudi kwanza kwa bingobingo, kisha kwa maharagi na viazi. Ukikata majani kila wiki 8 bila kurudisha mbolea, mwaka wa tatu utaona shamba limechoka.

8. Maziwa yanayomwagika

Litri iliyochachuka na kumwagwa imetumia majani, maji, kazi ya mama na gesi yote ileile, bila kumlisha mtu. Osha maziwa ya ngombe (matiti) kwa maji safi na upanguse kwa kitambaa kikavu. Tumia chombo cha aluminiamu chenye mdomo mpana. Bido ya plastiki iliyobeba mafuta haioshwi ikatakata, hata ukitumia sabuni gani. Peleka maziwa kwenye kituo ndani ya saa 2 au 3. Yale ya jioni weka chombo ndani ya maji baridi yanayotembea.

Fasi ambako barabara inakatika wakati wa mvua, jibini ni jibu ambalo wafugaji wa Masisi wanalijua zamani: karibu litri 10 zinatoa kilo 1, na kilo ile inangoja gari. Maji yanayobakia wapewe nguruwe.

9. Je, niuze ngombe?

Hapa tusidanganyane. Ngombe ni zaidi ya litri. Ni mahari ya kijana, ni karo ya masomo, ni pesa ya hospitali usiku. Tena, katika jimbo letu vita viliwahi kumaliza makundi mazima, na mtu mwenye ngombe wawili akipoteza mmoja amepoteza nusu. Kwa hiyo mfugaji anayeogopa kupunguza kundi si mjinga.

Njo maana mpangilio wa kazi ni wa lazima. Mwaka wa kwanza: panda majani, weka maji, anza kuandika joto. Usiuze mtu. Mwaka wa pili: angalia ni nani amezaa kwa wakati na nani amekula bure. Yule aliyepita miaka miwili bila kuzaa, hali alikula na kunywa vizuri na veterineri amemwangalia, huyo njo wa kuuza. Pesa yake itengeneze zizi au inunue mtamba mzuri. Ukiuza mbele ya kupanda, utakuwa na ngombe wachache na maziwa machache.

10. Kazi ya kooperative

Katika wilaya ya Kaira, jimbo la Gujarat huko Uhindi, wafugaji wadogo waliochoka na wanunuzi waliowapangia bei walianzisha muungano wa kooperative za maziwa mwaka 1946. Maziwa yao yanajulikana leo kwa jina la Amul. Kila mwanachama alikuwa na ngombe au nyati mmoja, wawili, watatu. Walipeleka maziwa asubuhi na jioni, yakapimwa mafuta, na kila mtu akalipwa kufuatana na ubora. Kuanzia 1970 mfano ule ulienezwa katika nchi nzima, na mwaka 1998 Uhindi ikawa ya kwanza duniani kwa maziwa, mbele ya Marekani. Ni wenye ngombe wachache, wakiwa pamoja, ndio waliofika pale.

Sisi tunaweza kuanza na vitu vitatu vidogo: pepinyere moja ya calliandra na majani kwa kila kikundi, kipimo cha kujua maziwa yaliyotiwa maji, ili mwaminifu asilipwe sawa na mdanganyifu, na kaye moja kwa kila ngombe.

Katika kaye andika: jina la ngombe, siku aliyozaa, kila siku aliyoonyesha joto, siku aliyopandwa na dume gani, litri za asubuhi na za jioni. Kama baba hajui kuandika, mtoto wa shule ataandika. Na mama anayekamua asomewe, juu ya yeye njo anamjua ngombe kuliko wote, na pesa ya maziwa ipangwe pamoja naye.

Maulizo ya kujadili katika kikundi

a) Kila ngombe wetu alizaa lini mara ya mwisho, na mara ya mbele ya ile? Ni miezi mingapi katikati?

b) Kwa siku 365 zilizopita, amekamuliwa siku ngapi? Siku za bure ni ngapi?

c) Ni kilima gani cha wanachama ambacho hakina bado mistari ya majani? Tutaanza na nani?

d) Kiangazi kilichopita, litri za kituo chetu zilishuka kiasi gani? Nani atajaribu silaji mwaka huu ili wengine waone?

Kazi ya mwezi huu: pima mzigo mmoja wa majani, weka maji zizini, fungua kaye. Mletee agronomu wa kooperative hesabu yako ya siku za bure katika mkutano unaofuata. Tutaziandika zote ubaoni, bila majina, na mwaka ujao tarehe ileile tutaziandika tena pembeni ya zile za leo.